Marehemu wa Rafu ya Waandishi Wetu

Neiafu, Vava'u
3 Juni 1993

Kwa Shangazi Kalolaine,

Shikamoo Shangazi. Huku sote wazima, ila Mama goti linamsumbua kwa kukaa chini kutwa akisuka mikeka, na ukimwambia avute kiti anasema viti viliumbwa kwa ajili ya wachungaji. Baba Mosese yuko salama. Jumapili iliyopita zamu ya kuhubiri ilikuwa yake. Alihubiri mpaka viazi vikuu vikateketea kwenye tanuri la shimo, tukala majani ya magimbi matupu huku tukimnunia.

Ile rafu ya waandishi wa hapa kwetu niliyokuandikia Krismasi sasa imesimama pale maktaba. Baba Mosese kaichonga mwenyewe. Vitabu si vingi: hadithi za mwalimu wa zamani wa shule ya wasichana, kile cha dawa za majani cha muuguzi Tupou, na mashairi ya kijana wa posta ambayo hayaeleweki lakini watu wanayaazima kwa sababu wanamjua mama yake. Kila mwezi naandika karatasi ya "Msomaji, jaribu hiki", naibandika sokoni na gatini, na Alhamisi nasoma kipande redioni. Katikati, peke yake, nimekiweka kitabu cha Baba aliyenizaa, Samaki Hawaongei Jumapili. Juu yake kuna picha yake akicheka, na chini nimeandika: Feleti, mwana wa Neiafu, alizama na meli 1976.

Sasa nikueleze kilichotokea jana.

Aliingia mama mmoja wa kizungu, wa umri wako, kutoka kwenye mashua za matanga zinazotia nanga hapa msimu huu. Anaitwa Noeline. Kwao ni mji mdogo kusini kabisa mwa New Zealand, karibu na Invercargill, na huko naye anasaidia kwenye maktaba. Tukapiga soga za vitabu, akaniambia wao pia wana rafu ya watu wao. Kisha akainua macho.

"Ha! Fred naye mmemweka?"

"Fred gani?"

"Huyu. Fred wetu wa kiwanda cha nyama. Ijumaa huwa anawasomea watoto."

Nikamwambia, "Mama, huyo ni baba yangu. Alikufa maji nikiwa na miaka saba."

Akavaa miwani, akaitazama picha kwa kitambo. "Basi samahani, mwanangu. Watu hufanana." Akageuka kuondoka. Alipofika mlangoni akasema, kama anayejiuliza mwenyewe, "Na huyu wenu naye alikuwa na sikio la kushoto lililokatika?"

Shangazi, picha ile kapigwa upande wa kulia. Sikio la kushoto halionekani kabisa.

Nilikaa sakafuni pale pale kati ya rafu. Mama sijamwambia. Wewe uko nchi hiyo hiyo. Nakuomba uende ukamwone huyo Fred, halafu uniandikie kwamba ni Msamoa, au Mfiji, au mtu yeyote yule, nipate usingizi.

Mwanao,
Lupe


Otara, Auckland
30 Julai 1993

Mpendwa Lupe,

Marahaba mwanangu. Barua yako ilifika. Hapa baridi imetuingia hadi kwenye meno. Mwanangu Vili amepata kazi uwanja wa ndege, ya kupakia mizigo, na sasa anatembea kama rubani. Kwaya yetu imeshona sare mpya za rangi ya boga. Waimbaji wote tumenenepa ghafla.

Habari za rafu zimenifurahisha. Mwambie Mosese Mungu ambariki.

Kuhusu yule mama wa mashua, wazungu wa huko kusini hawajaona watu wetu wengi. Kwao sote ni sura moja. Na masikio hukatika kila mahali, dunia imejaa mbwa.

Nimekutumia boksi la masweta kwa meli. La zambarau ni la Mosese. Ile picha ya baba yako iondoe, jua la dirishani litaifuta. Weka ya mchungaji.

Wako,
Shangazi Kalolaine


Neiafu
18 Agosti 1993

Shikamoo Shangazi,

Boksi limefika, asante sana. Baba Mosese alilivaa sweta kanisani juzi, jasho likamtiririka hadi kwenye Biblia, na hakulivua. Mama anasema ukituma jingine utuletee na jeneza. Goti lake limepata nafuu.

Shangazi, sitaki kukukosea adabu. Lakini nimekuuliza jambo, ukanijibu kama mtu aliyeulizwa njia akataja bei ya samaki. Hukuuliza huyo Fred ana umri gani. Hukuuliza anawasomea watoto nini. Huyu anayesemwa ni mdogo wako, ulimbeba mgongoni. Mimi ningeambiwa hata sauti yake imesikika mahali, ningekwenda kwa miguu.

Na mimi sikuandika habari ya mbwa, Shangazi. Ni kweli Baba alikatwa sikio na nguruwe wa Bibi, kila mtu hapa anajua. Kwa nini ukakimbilia mbwa?

Noeline alikuja kuaga kabla ya kung'oa nanga. Amesema Fred anaishi na binti yake anayesoma sekondari, na ametunga kijitabu ambacho wanacho rafuni kwao. Atakitafuta akifika, anitumie.

Bibi alipokuwa anakata roho, aliomba aletewe hata mfupa mmoja wa mwanawe azikwe nao. Wewe ulikuwa umeketi kichwani pake, unampepea. Nilikuwepo, nakumbuka. Nijibu, tafadhali.

Lupe


Otara
9 Oktoba 1993

Lupe,

Sisi wazima. Kazi zimekuwa nyingi.

Mimi ndiye niliyekupa jina ulipozaliwa, hata hujaogeshwa. Kwetu neno la shangazi halipingwi, na wewe umelelewa hivyo. Sasa nalitoa neno langu: liache jambo hili. Usimwandikie tena yule mama. Usimwambie mama yako Lesieli. Marehemu mwache na umarehemu wake.

Shangazi yako


Neiafu
29 Novemba 1993

Shangazi,

Leo sina salamu za nyumbani.

Kijitabu kimefika. Kimepigwa chapa kwa mashine ya maktaba yao, kurasa zimebanwa kwa pini. Jina la mwandishi ni Fred Lolo. Nyuma kuna picha, safari hii kapigwa upande wa kushoto.

Ni yeye. Amenenepa kidogo. Kasimama mbele ya rafu ya vitabu, na pembeni yake kuna msichana aliyevaa sare ya shule, mrefu. Nilipomwona huyo msichana nilidhani nimejitazama kwenye kioo cha zamani. Jina lake halikuandikwa.

Nilikisoma mezani kwangu, watu wanaingia wanarudisha vitabu, nawapigia muhuri bila kujua ninachopiga. Hadithi ya pili ni ya mtoto aliyeng'atwa sikio na nguruwe, na dada yake akararua gaguro lake kumfunga jeraha. Dada huyo anaitwa Kalo. Kisha nikarudi ukurasa wa kwanza, ambao nilikuwa nimeuruka. Umeandikwa hivi: "Kwa dada yangu, aliyenifungulia mlango."

Ulimfungulia mlango.

Mimi kila mwaka siku ya ile meli naenda gatini na wanafunzi, tunatupa maua majini. Nimewafundisha watoto wa watu kumlilia baba yangu. Mwaka juzi ulikuja, ukatupa ua lako pamoja nasi. Ulivaa nyeusi.

Kwetu shangazi ni mkubwa kuliko baba, nalijua hilo, na sitalisahau hata leo. Ndiyo maana nakuuliza wewe mkubwa: ulikuwa unamlilia nani?

Lupe


Otara
14 Desemba 1993

Lupe,

Marahaba, ingawa hukuamkia.

Unataka kujua, basi nakueleza mara moja, na sitarudia.

Ile meli ilipoondoka mji mkuu, Nuku'alofa, Feleti hakuwamo. Alikata tiketi, jina likaandikwa, kisha akateremka kwa sababu kulikuwa na mwanamke mjini aliyemwambia ana mimba yake. Alitaka wazungumze, apande meli inayofuata. Keshokutwa yake alikuwa kibandani anakunywa chai, redio ikasoma majina ya waliozama. Aliniambia jina lake lilisomwa kwa sauti nzuri, na mle kibandani hapakuwa na mtu aliyemgeukia. Hapo akajua anaweza kuondoka.

Alifika kwangu na huyo mwanamke, tumbo liko mbele. Mimi ndiyo kwanza nimetoka kwenye msiba wake. Nywele nilizokata zilikuwa hazijaota. Ile mikeka ya msiba niliyopewa kwa haki ya udada, nilikuwa nimeitandika sebuleni, na yeye akaingia akaikanyaga na viatu. Nilimpiga kwa sufuria, Lupe. Nilimpiga mpaka yule mwenye mimba akanishika mikono.

Halafu nikawapikia.

Auckland watu wetu wamejaa kila kona, kwa hiyo nikamsukuma kusini, kwenye barafu, asikojulikana. Mwanamke naye hakukaa, alikwenda zake Australia, akamwachia mtoto. Habari za huyo binti usiniulize. Bado.

Msamaha siombi. Ningemwandikia nini Lesieli? Kwamba mumewe hakufa, ila kamkimbia? Baba aliyekufa kakupa heshima. Kanisa lilikusomesha kwa kuwa wewe ni yatima wa ile meli. Lesieli kapata Mosese, mwanamume ambaye akisema anarudi anarudi. Huyu mwingine angewapa nini? Niambie.

Na Bibi, nilifungua mdomo kumwambia. Nilikuwa nimeshaufungua. Akaniambia nimsogezee mto. Nikausogeza.

Kalolaine


Neiafu
20 Januari 1994

Shangazi,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana.

Nilimwambia kwanza Baba Mosese. Alikuwa anapiga randa ubao. Hakuacha kupiga randa mpaka nilipomaliza, na ubao ukawa mwembamba, haufai tena kwa lolote.

Akasema, "Kwa hiyo mimi nimeishi na mke wa mtu."

"Baba, si hivyo."

"Ndivyo hasa. Na ninahubiri." Akapangusa mikono. "Nenda nyumbani. Mama yako nitamwambia mimi. Asije akasikia kwa mtoto."

Nilimfuata, sikuweza kukaa. Mama alikuwa kwenye mkeka wake. Baba Mosese akapiga goti, akamshika mikono yote miwili ili aache kusuka, akamwambia. Mama akamtazama, akanitazama mimi, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka jirani akachungulia. Halafu kicheko kikakatika.

"Mwaka mzima nilivaa nyeusi," akasema. "Nilikata nywele zangu, zilikuwa zinanifika kiunoni. Nilikwenda ufukweni kuokota kila kiatu kilichotupwa na bahari, nakigeuzageuza. Na yeye yuko wapi? Anakula kondoo?"

Akaninyooshea mkono.

"Una picha? Lete."

Nikampa kijitabu. Akakitazama kwa mbali, macho yake siku hizi hayaoni karibu. "Amenenepa."

"Kidogo, Mama."

"Mshenzi."

Kisha akaingia ndani, na hakutoka siku ile wala iliyofuata.

Baba Mosese alikwenda mwenyewe kwa mchungaji. Mchungaji akasema hawezi kuwaacha wakae pamoja mpaka mahakama ifungue ndoa ya kwanza, na kuhubiri aache kwanza. Kwa hiyo mume wa mama yangu sasa analala kwa dada yake. Mchana anakuja, anaketi barazani, Mama anampitishia sahani dirishani, wanakula mmoja ndani mmoja nje. Wanaongea habari za goti. Watu wakipita wanapunguza mwendo.

Mji mzima unajua. Sokoni muuza pweza aliniuliza mbele ya watu, "Eti Lupe, mwandishi wenu kafufuka siku ya tatu au mwaka wa kumi na saba?" Wakacheka wote, hata mimi, kwa sababu uso ulikuwa hauna pengine pa kwenda. Kitabu cha Baba hakikai rafuni. Watu ambao hawajawahi kusoma hata kalenda wamekuja kukiazima, wanapekua wakitafuta huyo mwanamke yuko ukurasa gani. Picha nimeishusha. Lile neno "alizama" nimelibandua kwa kucha, na mahali pake sijui niandike nini.

Umeniuliza baba aliye hai angetupa nini. Sijui, Shangazi. Hukutuacha tujue. Lakini huyu Mosese ndiye unayemsifu, na tazama sasa, anakula nje ya nyumba aliyoijenga. Mahakama inataka sahihi ya Feleti. Mwanasheria ameandika, hajajibiwa.

Uliwahi kumfungulia mlango. Nenda sasa ukaugonge wa kwake.

Lupe


Otara
5 Machi 1994

Mwanangu Lupe,

Marahaba. Nimekwenda. Nilipanda basi, nikapanda meli ya kuvuka, nikapanda basi tena, na miguu yangu imevimba mpaka leo. Vili alitaka kunisindikiza, nikamwambia hii si mizigo ya uwanja wa ndege.

Nyumba yake ni ndogo, safi, ina vitabu hadi chooni. Aliponiona alitaka kunibusu, nikamwekea karatasi mezani.

"Tia sahihi."

"Dada Kalo, kaa kwanza, unywe chai."

"Chai nitakunywa karatasi ikiwa na wino."

Sitakudanganya, Lupe, nimechoka kudanganya. Nilimweleza yote, tena kwa Kiingereza maana kikwetu anajifanya kakisahau: wewe na rafu yako, Lesieli, Mosese anayelishwa dirishani. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Kisha swali lake la kwanza likawa, "Kitabu changu bado kinasomwa?"

Miaka yote hii nilijiambia kwamba namficha mtu mwenye aibu. Nilipomsikia akiuliza hivyo nikatafuta cha kumpigia. Sikuwa na sufuria karibu.

Akatia sahihi. Halafu akalia, na alilia kweli, lakini mimi nilikuwa natazama mlangoni. Binti alikuwa amerudi kutoka shule. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini, begi mgongoni.

"Nina dada?" akauliza.

Baba yake akafuta uso.

"Shangazi, nakuuliza wewe. Nina dada? Anaitwa nani?"

Lupe, jina la binti huyu nimelizuia kinywani tangu alipozaliwa. Ulipoandika kwamba halimo kijitabuni, nililiruka. Kumpa jina ilikuwa haki yangu, na Feleti hakunisubiri. Alimpa mwenyewe hospitali, usiku aliozaliwa, na mimi nilikataa kwenda ubatizoni kwa sababu hiyo. Hapa Auckland nilimwita "mtoto" tu, kila alipokuja.

Naye anaitwa Lupe.

Nilipomwambia jina lako, alimgeukia baba yake. Hakupiga kelele. Akasema, "Kwa hiyo mimi ni nakala?"

Niliondoka naye. Baba yake hakumzuia, au hakuthubutu. Yuko hapa kwangu, analala chumba cha Vili, chakula hali vizuri. Amekisoma kijitabu upya chote, akakirudisha juu ya meza, akaniuliza kama ile rafu yako naweza kumwonyesha kwenye picha. Sina picha yake.

Karatasi ya mahakama iko ndani ya bahasha hii. Mpe Mosese mkononi. Mwambie nimeipeleka mwenyewe.

Anataka kuja, Lupe. Mimi siwezi kukuamuru tena, nimelitumia neno langu vibaya. Nakuomba tu.

Shangazi yako Kalolaine


Neiafu
24 Aprili 1994

Kwa Shangazi Kalolaine,

Shikamoo Shangazi. Huku wazima. Magimbi yamenusurika na dhoruba, paa la maktaba limevuja upande wa magazeti tu. Karatasi yako nilimpa Baba Mosese mkononi. Aliisoma amesimama, akaikunja, akaenda nayo kwa mchungaji akiwa hata hajavaa viatu. Tarehe ya mahakama imepangwa. Mama ameanza kusuka mkeka wa harusi na anakataza watu kuuliza ni wa nani.

Amefika. Asante kwa tiketi, na kwa kutokuja naye. Najua ulitaka.

Nilimwambia Mama asije uwanja wa ndege. Akaja. Akavaa vizuri, na mkeka wake mpya wa heshima umefungwa kiunoni, akaketi mbele kabisa, kwenye kiti. Nusu ya soko ilikuwa pale, kila mmoja na kisingizio chake. Muuza pweza eti anampokea shemeji, na hana shemeji. Ndege ikatua. Wakashuka wazungu, wakashuka watawa, halafu akashuka yeye, kavaa ule mkufu wa maganda ya chaza uliompa, uso umempauka kwa hofu.

Shangazi, watu wakamtazama yeye, wakanitazama mimi. Nikasikia mtu nyuma yangu anasema, "Mama wee, Lupe yupo na anashuka." Mimi nikabaki nyuma ya kiti cha Mama. Nilikuwa nimepanga maneno, nimeyakariri tangu alfajiri, nikajikuta nayakariri upya. Yeye naye akasimama katikati ya uwanja, hajui aende kwa nani.

Mama ndiye aliyeinuka. Goti lile lile. Akavuka uwanja polepole, kila mtu anamtazama, akafika, akamshika binti kidevu na kumgeuza uso huku na huku juani, kama anavyopima magimbi. Kisha akamvuta, akambusu kama tunavyobusiana sisi, pua shavuni, akavuta pumzi ndefu.

Akamwambia, kwa kikwetu, "Una meno ya baba yako. Yatumie kutafunia tu, umesikia? Si kwa kudanganya watu."

Binti hakuelewa hata neno. Machozi yanamtiririka, akanigeukia mimi, mara ya kwanza kunitazama usoni.

"Anasemaje?"

"Anasema lazima una njaa," nikamjibu. "Twende."

Mwanao,
Lupe